Kipimajoto kisichotulia: jibu kuhusu msafara wa joto hewani

Mwalimu mmoja wa fizikia katika shule ya sekondari jijini Tanga ameniandikia swali ambalo nalifupisha hivi. Yeye na wanafunzi wake wa kidato cha sita wametengeneza sanduku la mbao lenye sentimita 60 kwa 60 na kimo cha sentimita 40. Chini wameweka bamba la chuma linalopashwa moto kwa koili ya umeme hadi nyuzi 60 za Selsiasi, na juu wameweka sinia la bati lenye maji yanayopozwa kwa barafu, kiasi kwamba upande wake wa ndani hubaki karibu na nyuzi 20. Ndani wametumbukiza vipimajoto viwili, sentimita tano juu ya bamba la chini: kimoja ni cha kioo, na kingine ni themokapo ya waya mwembamba iliyounganishwa na mita ya kidijitali. Cha kioo kimetulia. Themokapo inaruka nyuzi tatu, nne, hata saba ndani ya sekunde chache, na saa nzima ikipita bado inaruka. Wenzake ofisini wameamua kwamba themokapo ni mbovu. Anauliza kama ni kweli, aandike namba gani daftarini, na kama sanduku dogo namna ile linaweza kusema lolote juu ya hewa ya darasa lake lenye paa la bati.

Themokapo yenu ni nzima, Mwalimu. Kinachodanganya ni kile cha kioo, tena kinadanganya mara mbili. Lakini hitilafu kubwa kuliko zote haimo katika kifaa chochote kati ya hivyo viwili, bali imo katika uso wa bamba lenu la chini, jambo ambalo barua yako haikuligusa kabisa. Nitaanza na hewa yenyewe, kwa sababu bila kuielewa hewa hatutajua kipimajoto kinapaswa kusema nini.

Hewa inayogusa bamba la moto hupanuka, ikawa nyepesi kuliko ile iliyo juu yake, na hivyo hutaka kupanda; iliyopoa kule juu hutaka kushuka. Mambo mawili huizuia. La kwanza ni mnato wa hewa, yaani ukinzani wake dhidi ya kutiririka, na la pili ni upitishaji wa joto, ambao hulipora donge la hewa ya moto joto lake kabla halijafika mbali. Mwaka 1916 Lord Rayleigh wa Uingereza aliyaweka mambo haya pamoja katika hesabu ambayo leo huandikwa kama namba moja yenye jina lake. Unazidisha mchapuko wa uvutano, kiwango cha hewa kupanuka, tofauti ya joto kati ya mabamba, na kimo kikiwa katika kipeo cha tatu. Kisha unagawanya kwa mnato na kwa kiwango cha joto kusambaa hewani. Kati ya mabamba mawili magumu, namba hiyo ikiwa chini ya 1,708 hewa hubaki kimya kabisa na joto hupita kwa upitishaji tu, kana kwamba hewa ni blanketi. Ikivuka hapo, hewa huanza kuzunguka na kubeba joto; huko kubebwa na hewa ndiko ninakokuita msafara wa joto. (Rayleigh alikuwa anajaribu kueleza maumbo ya pembe sita ambayo Henri Bénard wa Ufaransa aliyaona mwaka 1900 katika utando mwembamba wa kimiminika, baadaye ikabainika kwamba maumbo yale yalisababishwa zaidi na mvutano wa uso wa kimiminika, si na wepesi wa kilichopata moto. Nadharia ilikuwa sahihi, ila ilikuwa ikieleza jambo jingine.)

Sasa tupige hesabu ya sanduku lenu. Kwa hewa yenye wastani wa nyuzi 40, tofauti ya nyuzi 40 na kimo cha sentimita 40, namba ya Rayleigh ni kama milioni 200. Hapo mmeuvuka ule mpaka wa 1,708 zaidi ya mara laki moja. Kwa kimo hicho, tofauti iliyo chini ya sehemu moja ya elfu ya nyuzi ingetosha kuanzisha mwendo, na ninyi mmeweka nyuzi 40. Hewa ya namna hiyo haizunguki kwa utaratibu kama ule wa michoro ya vitabu vya shule, yenye mishale miwili ya kupanda na miwili ya kushuka. Ina msukosuko: huzunguka, lakini mzunguko wenyewe umejaa vimbunga vidogo na ndimi za hewa ya moto zinazochomoka kutoka kwenye bamba, na hakuna sekunde mbili zinazofanana. Kwa hiyo kipimajoto chochote chepesi kinachotulia ndani ya sanduku hilo ndicho kingenitia wasiwasi.

Kimo kikiwa katika kipeo cha tatu kina maana ambayo inafaa wanafunzi waione kwa hesabu zao wenyewe. Chukueni tofauti ile ile ya nyuzi 40, lakini mabamba yaachane kwa milimita 8 tu. Namba inashuka chini ya 1,708 na hewa inatulia. Hili linatufunulia siri ya sanduku zima. Karibu na kila bamba, kwa unene wa milimita chache, hewa haina nafasi ya kutosha kujisukuma, na joto hulazimika kupita humo kwa upitishaji, polepole. Katikati, kinyume chake, msukosuko huchanganya kila kitu mpaka joto la wastani linakaribia kuwa sawa kutoka chini hadi juu. Maana yake ni kwamba karibu tofauti yote ya nyuzi 40 imebanwa katika tabaka mbili nyembamba, moja chini na moja juu, kila moja ikiwa na unene wa karibu milimita 5, na kila tabaka limebeba nusu ya tofauti hiyo. Ninyi mmepima sentimita tano juu ya bamba, nje kabisa ya tabaka la chini. Mnachokiona kikiruka ni vipande vya tabaka hilo vilivyobanduka na kupita mbele ya waya wenu vikielekea juu.

Upo ushahidi mmoja ambao mnaweza kuupata bila gharama yoyote, na ningependa muupate kabla ya kubishana tena ofisini. Iacheni themokapo pale pale chini na muandike usomaji wake kila baada ya sekunde tano kwa nusu saa, wanafunzi wakipokezana. Kisha iinueni hadi sentimita tano chini ya sinia la juu na mrudie. Chini mtaona mstari ulio karibu tulivu wenye miruko mikali ya kwenda juu: hewa ya vuguvugu, halafu ulimi wa moto, halafu vuguvugu tena. Juu mtaona kinyume chake, yaani utulivu unaokatwa na miruko ya kwenda chini, kwa sababu kinachobanduka kule ni vipande vya hewa baridi. Katikati ya sanduku miruko itakuwa midogo na itaelekea pande zote mbili karibu sawasawa. Waya uliolegea au mita mbovu haiwezi kujua iko upande gani wa sanduku; ikiwa miruko inageuka pande kwa kufuata nafasi, basi inatoka hewani.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1959 A. A. Townsend wa Cambridge alichapisha vipimo vya joto la hewa juu ya bamba la moto lililolala, akitumia waya mwembamba ambao ukinzani wake wa umeme hubadilika na joto. Alieleza kwamba hewa ina vipindi vya harakati, ambapo joto hupanda na kushuka kwa nguvu, na kati yake vipindi vya ukimya. Mwaka 1967 Deardorff na Willis walichapisha vipimo vya hewa kati ya mabamba mawili, jaribio lililo jamaa wa karibu zaidi wa sanduku lenu. Mnayoyaona Tanga ni yale yale.

Nikirudi kwenye kipimajoto cha kioo, udanganyifu wake wa kwanza ni uzito. Tunguu lake, yaani kile kichwa chenye kimiminika, huchukua dakika nzima au zaidi kufuata joto la hewa inayokwenda taratibu, ilhali katika sanduku lenu hewa husafiri kwa kasi ya sentimita kumi na kitu kwa sekunde, na mzunguko mmoja kamili huisha kwa takriban sekunde kumi. Kifaa hicho kinawapa wastani bila kuwaambia kwamba ni wastani. Udanganyifu wa pili ni mbaya zaidi. Tunguu linalitazama bamba la moto uso kwa uso na kupokea mnururisho wake (joto linalosafiri kama mwanga, bila kubebwa na hewa) moja kwa moja, kwa hiyo husoma joto lililo juu kuliko la hewa inayolizunguka. Waya mwembamba hupata kosa hilo pia, lakini kwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu kadiri kitu kinavyokuwa chembamba ndivyo hewa inavyokishika kwa nguvu kuliko mnururisho. Chukueni wastani wa zile namba za nusu saa mlinganishe na cha kioo. Natarajia cha kioo kiwe juu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye bamba. Umeandika kwamba ni la chuma, na sidhani nakosea nikidhani kwamba ni chuma cha kawaida cha kuchomelea, chenye kutu kidogo au kilichopigwa rangi. Uso wa namna hiyo hunururisha joto karibu kama uso mweusi kabisa. Mabamba mawili meusi yanayotazamana, moja likiwa na nyuzi 60 na jingine 20, hupelekeana joto la karibu wati 280 kwa kila mita ya mraba kwa mnururisho peke yake. Na msafara je? Kama hewa ingekaa kimya, upitishaji ungepeleka chini ya wati 3 kwa mita ya mraba. Msukosuko huzidisha kiasi hicho mara 40 hivi. Hiyo mara 40 ndiyo huitwa namba ya Nusselt. Tunapata wati 110, au zaidi kidogo. Hata tukikubali kwamba kuta za mbao zinaupunguza mnururisho, sehemu kubwa ya joto linalofika kwenye sinia lenu halibebwi na hewa hata kidogo. Mnadhani mnapima msafara, kumbe mnapima zaidi mng'ao wa bamba.

Kila anayefanya majaribio haya kwa hewa hukutana na adui huyu, na wale wanaotumia maji hawamjui, kwa kuwa maji hayaupitishi mnururisho wa aina hiyo. Dawa yake si ghali. Yafunikeni mabamba yote mawili kwa karatasi ya alumini ya jikoni, ile ya kufungia nyama ya kuoka, iliyonyooshwa vizuri na kugandishwa isiache mapovu ya hewa chini yake, upande unaong'aa ukitazama ndani. Alumini safi hunururisha kama sehemu moja tu ya ishirini ya uso mweusi, na mabamba mawili ya namna hiyo yakitazamana, zile wati 280 hushuka hadi kama 7. Msafara unabaki kuwa mwenye nyumba, na mnururisho unakuwa mgeni tu.

Ila kwetu pwani kuna mtego ambao vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi havina haja ya kuutaja. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, na mara nyingi umande huanza kutunga kwenye kitu chenye nyuzi 23 au 24. Sinia lenu la nyuzi 20 linatoa jasho ndani ya sanduku. Bila shaka mmeshaona matone, au mtayaona mkifungua. Matone yanaleta joto linalotolewa mvuke unapogeuka maji na kuvuruga hesabu, lakini hilo ni dogo: utando wa maji juu ya alumini huiondolea sifa yake yote, kwa sababu maji hunururisha karibu kama uso mweusi. Yaani karatasi mliyoibandika inakuwa haina kazi tangu dakika umande unapotunga. Kwa sababu hii nawashauri muiache barafu. Tumieni maji ya bomba ya nyuzi 27 hivi, yakizungushwa kutoka kwenye ndoo kwa pampu ndogo kama zile za matangi ya samaki wa mapambo, na bamba la chini mlishushe hadi nyuzi 47. Tofauti inakuwa 20 badala ya 40, na namba ya Rayleigh inabaki kuwa milioni 100, msukosuko tele. Mnapata na faida nyingine: tofauti ya nyuzi 40 ni kubwa mno kwa hewa, maana sifa zake chini na juu ya sanduku huwa hazifanani tena, na hesabu nilizozitaja zinadhani zinafanana. Vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vikikaushwa na kuachwa kwenye kona ya sanduku usiku kucha, vitasaidia pia.

Kuhusu bamba la chini kuna neno moja la ufundi. Koili ya umeme chini ya bati jembamba huacha alama yake: sehemu zilizo juu ya waya huwa na moto kuliko nyingine, na ndimi za hewa zitachomoka hapo hapo kila mara. Mwambieni fundi bati awatengenezee tangi bapa lililofungwa, lenye kina cha sentimita nne au tano, mlijaze maji na kuyapasha kwa hita. Maji yenyewe yatajichanganya na kuusawazisha uso wa juu kuliko bamba lolote mnaloweza kulinunua. Acheni tundu la kupumulia, maana tangi lililozibwa kabisa na kupashwa moto ni hatari.

Sasa namba ya kuandika daftarini. Usomaji mmoja wa themokapo hauna maana peke yake. Chenye maana ni wastani wa muda mrefu, pamoja na kipimo cha ukubwa wa miruko kuzunguka wastani huo. Kwa mzunguko wa sekunde kumi, nusu saa huwapa mizunguko kama 180, nayo inatosha kwa kazi ya shule. Andikeni pia nafasi ya waya kwa milimita. Msidharau hili. Mkoani humu humu, katika Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa, akachekwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakachapisha makala juu ya jambo hilo. Miongoni mwa waliyoyaona ni kwamba joto lilitoka zaidi kwa uso wa juu, na kwamba utando wa mafuta juu ya maji uliuchelewesha upoaji sana, mambo yanayohusu msafara ule ule tunaouzungumzia. Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Burridge na Linden walionyesha kwamba kukipandisha au kukishusha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kunaweza kuzaa au kufuta matokeo ya namna hiyo. Katika kitu kinachochemka kwa misafara ya joto, pale ulipopima ni sehemu ya ulichopima.

Kuna njia ya kuutenga msafara na mengine yote ambayo naipenda kuliko zote, nayo ni kulipindua sanduku. Pimeni umeme unaoingia kwenye hita wakati bamba la moto liko chini, joto likiwa limetulia: volti mara ampea, na kama hita inajizima na kujiwasha, hesabuni muda inapowaka. Kisha ligeuzeni sanduku, la moto liwe juu na la baridi chini, joto la mabamba likiwa lile lile, mpime tena. Hewa ya moto ikiwa juu haina sababu ya kushuka. Msafara unakufa, lakini mnururisho, upitishaji wa kuta na joto linalovuja nje vinabaki karibu vilevile. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo kazi ya msafara. Kwa sanduku lenu, mabamba yakiwa na nyuzi 47 na 27, nategemea tofauti ya wati 16 au zaidi kidogo. Na mkiwa mmeligeuza, itazameni themokapo: itatulia. Huo utakuwa mwisho wa mjadala wa ubovu wake. (Ukutani kunaweza kubaki vijito dhaifu vya hewa, kwa sababu mbao hazilingani joto na hewa iliyo kando yake, kwa hiyo msitarajie ukimya kamili. Fungieni kuta kwa povu gumu jeupe linalokuja na friji mpya.)

Kupindua huko pia kunajibu sehemu ya swali lako kuhusu darasa. Paa la bati likipigwa na jua la kaskazi saa saba mchana, moto uko juu na sakafu iliyopoa iko chini. Hilo ni sanduku lililopinduliwa. Hewa iliyo chini ya bati inabaki imelala juu kama tabaka, na joto linalowachoma wanafunzi utosini halikuteremka na hewa. Limekuja kwa mnururisho kutoka upande wa chini wa bati. Kwa hiyo dari yenye uso unaong'aa, au hata karatasi ya alumini iliyotandazwa chini ya kenchi, itafanya kazi ambayo madirisha hayawezi kuifanya. Pangaboi lina faida ya kuupoza mwili kwa kuukausha jasho, lakini kisipokuwepo kitu cha kuukinga mnururisho, huweza pia kuiteremsha ile hewa ya juu iliyokuwa imejilalia. Sanduku lenu likiwa wima linafanana zaidi na uwanja wa shule: ardhi yenye moto chini, hewa ya baridi zaidi juu. Mtetemo wa hewa unaouona juu ya lami ya barabara ya Pongwe mchana ni ndimi zile zile, zikipindisha mwanga unaopita kati yake. Upepo wa bahari unaoingia mjini adhuhuri ni jamaa wa jambo hili, lakini tofauti yake ya joto iko kati ya nchi kavu na bahari, kwa ulalo. Sanduku hili haliwezi kuusemea.

Je, kidogo kinaweza kukisemea kikubwa? Hilo ndilo swali lililowafanya watu wajenge mitambo mikubwa sana. Katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Ilmenau, Ujerumani, kuna pipa la hewa lenye kipenyo cha mita 7.15 na kimo cha hadi mita 6.3, linalopashwa chini na kupozwa juu kama sanduku lenu, na namba yake ya Rayleigh hufika bilioni elfu moja. Wengine walikwepa ukubwa kwa kubadilisha gesi. Huko Oregon, Marekani, Niemela na wenzake walitumia heliamu yenye baridi kali katika chombo cha mita moja tu, wakaripoti mwaka 2000 namba za hadi 1 ikifuatwa na sifuri 17; huko Göttingen kikundi cha Ahlers na Bodenschatz kimetumia gesi nzito ya heksafloridi ya salfa chini ya kanieneo cha hadi mara 19 ya hewa ya kawaida. Lakini heliamu na gesi iliyogandamizwa hulifanya lile tabaka la kwenye bamba kuwa jembamba mno, hata kipimajoto hakipati pa kupenya. Pipa la hewa la Ilmenau lina ubora wake hapo: tabaka lake lina milimita kadhaa, na waya unaweza kusogezwa ndani yake hatua kwa hatua. Katika mitambo mikubwa ya hewa, mwendo hufuatiliwa kwa mapovu ya sabuni yaliyojazwa heliamu ili yasipande wala kushuka yenyewe. Ninyi mnaweza kutumia moshi wa udi na leza iliyotandazwa kwa kijiti cha kioo, mradi moshi upitishwe kwanza kwenye chupa upoe. Moshi ulio moto hupanda kwa moto wake na kuwaonyesha msafara ambao haupo.

Linganisha unene wa matabaka. Kwa tofauti ya nyuzi 40, pipa la mita 6.3 lina tabaka la milimita tano au sita. Sanduku lenu la sentimita 40 lina kama milimita tano. Kimo kimezidi mara kumi na sita, na tabaka limebaki karibu lile lile! Sababu ni kwamba namba ya Nusselt huongezeka takriban kwa kipeo cha theluthi moja cha namba ya Rayleigh, pungufu kidogo, na kwa kuwa ndani yake kimo kina kipeo cha tatu, vinakaribia kufutana. Bamba la chini halijui sana bamba la juu liko umbali gani. Huo ndio uhalali wa sanduku dogo. Uhalali huo una mpaka wake: mwaka 1962 Kraichnan alitabiri kwamba kwa namba kubwa mno tabaka lenyewe litaingiwa na msukosuko, na joto litapita kwa wingi zaidi kuliko kanuni hii inavyosema. Wa Göttingen waliripoti dalili zake, wengine hawazikubali, na mjadala unaendelea. Uwanja wa shule kwenye jua uko katika eneo hilo la ubishi, sanduku haliko.

Mkitaka kuipima kanuni hiyo wenyewe, msihangaike na kubadilisha joto, kwa kuwa mkizidisha tofauti mara mbili namba ya Rayleigh huongezeka mara mbili tu. Badilisheni kimo. Tengenezeni fremu ya pili ya sentimita 20 inayopokea mabamba yale yale, mpime kwa nyuzi zile zile, sanduku likiwa wima na likiwa limepinduliwa. Kutoka sentimita 20 kwenda 40 namba ya Rayleigh hupanda mara nane, na namba ya Nusselt inapaswa kukaribia kuwa maradufu, ilhali wati zinazobebwa na msafara zitapungua kidogo sana, pengine chini ya sehemu moja ya kumi. Mkikuta zimepungua kwa robo au nusu, kabla ya kuishuku kanuni angalieni kingo za karatasi ya alumini kama zimebanduka, uso wa juu kama una umande, na kama madirisha ya luva ya maabara yalikuwa wazi upepo ukipiga kuta.